Gari la Baba Halikatwi

Wiki nzima nimemwacha Cornelia amesimama mlangoni mwa gereji ya marehemu baba yake, pale Mazwi, mkono kwenye komeo, cheche zikimrukia miguuni. Amechoka kusimama. Sasa aingie.

Akaingia.

Aliyeshika grenda hakuwa mwizi, kama wengi wenu mlivyodhani. Alikuwa Edwin, mdogo wake wa tumbo moja. Amepanda juu ya stuli, amevaa miwani ya kuchomelea, na grenda imeshauma paa la Selika nyekundu, gari la marehemu baba yao, mzee Clemens. Rangi imebabuka. Bati limetoa jicho jeupe.

Cornelia hakupiga kelele. Alikwenda ukutani akachomoa waya.

Grenda ikanyamaza.

"Rudisha umeme, dada," Edwin akasema bila kugeuka.

"Shuka."

"Nimesema rudisha umeme."

"Na mimi nimesema shuka. Au nikuvute kwa suruali mbele ya fundi?"

Fundi mwenyewe, Timoth wa kuchomelea, alikuwa kando na bomba la chuma begani, anatazama sakafu. Ugomvi wa ndugu ameuona mwingi. Anajua fundi anayeuingilia huondoka bila chakula cha mchana.

Edwin akashuka, akavua miwani.

"Nani kakupa ruhusa?" Cornelia akauliza.

"Ruhusa ya nani tena? Gari la baba. Mimi baba yangu ni mwingine?"

"Mtoto wa baba hamkati baba yake kichwa."

"Hilo ni bati, dada. Baba tulimzika."

Mkono wa Cornelia ukapanda. Usingeshuka salama kama Timoth asingekohoa.

Kama umeingia leo kwenye hadithi hii, vuta kigoda nikueleze kwa pumzi moja. Kila kiangazi magari hushindana kupanda Lyamba, ule ukingo mkali unaotoka kwenye joto la bonde la Rukwa na kuja huku juu Ufipa kwenye baridi yetu. Njia ni ya changarawe, kona juu ya kona. Aliyeshinda mwaka uliopita huanza wa kwanza, na anayeanza wa kwanza hali vumbi la mtu. Wanaomfuata wanapanda vipofu.

Mwaka jana alishinda mzee Clemens na Selika yake, Edwin kushoto akimsomea kona. Mwaka huu, ulezi ukiwa unavunwa, mzee akafa kitandani kwake kwa maradhi. Nafasi ya kuanza mbele bado ni ya nyumba yake, mradi Jumamosi hii mtoto wake atokee mstarini. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa aliyekuwa wa pili, naye ni Loth wa Kaoze. Heri nyumba ile ilale njaa kuliko hilo.

Dereva yupo. Ni huyu Cornelia, anayeendesha lori la mahindi kutoka Laela na aliyefundishwa mlima ule na baba yake tangu msichana, Edwin akimsomea kona. Msoma kona yupo, ni Edwin. Gari ndiyo shida. Kamati imeweka sharti jipya: gari lisilo na keji ya vyuma ndani, ya kuwakinga watu likipinduka, haligusi mstari.

"Mweleze, fundi," Edwin akasema. "Labda wewe atakusikia."

Timoth akatua bomba. "Keji haipiti mlangoni, dada Cornelia. Paa linakatwa, keji inateremshwa kwa juu, halafu paa linachomelewa tena. Dashibodi inatoka. Kapeti linatoka. Viti vya nyuma vinatoka."

"Halafu vinarudi?"

"Havirudi. Panakuwa pamejaa vyuma."

"Na mama akienda kanisani atakaa wapi?"

Timoth akalitafuta jibu, akalipata. "Kwenye bodaboda."

"Umesikia?" Cornelia akamgeukia mdogo wake. "Gari hili ndilo lililompeleka mama hospitali na wewe tumboni. Ndilo lililomleta baba kutoka hospitali mara ya mwisho, amelala nyuma, anatuambia tupunguze mwendo kwenye matuta tusiharibu shokapu. Halikatwi. Kuna gari la mbio tayari, lina keji, lina kila kitu. Mwenyewe anataka tubadilishane, gari kwa gari."

"Mwenyewe nani?"

Cornelia akaanza kuukunja waya wa grenda.

"Dada. Mwenyewe nani?"

"Loth."

Edwin akacheka kicheko kibaya. "Sema tena, fundi hajasikia. Hutaki nilikate gari la baba, unataka kumpa Loth. Yaani mimi ni mchinjaji, wewe ni nani?"

"Akipewa zima, zima litabaki."

"Kwa Loth?"

"Kwa mtu yeyote. Likiwa zima lipo. Likikatwa halipo."

Hapo mlango wa uani ukasukumwa, akaingia mama yao, mama Marsiana, mikono imejaa unga wa ulezi.

"Shikamoo, mama," Timoth akawahi.

"Marahaba, fundi. Hayo mabomba ya nini, mnajenga zizi ndani ya gari langu?"

Timoth akayasukuma mabomba nyuma kwa mguu, kana kwamba yangefichika.

Mama Marsiana akaliona lile jicho jeupe paani. Akaweka kidole pale, akabaki nacho pale. Kisha akawatazama wanawe kama mtu anavyotazama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo moja.

"Kitendawili," akasema.

Mwenye hasira hategewi kitendawili, lakini mama yule ana kichwa chake.

"Nimesema kitendawili."

"Tega, mama," akajibu Timoth, maana lazima mtu ajibu.

"Ninaye mmoja. Nikimweka ananipa kila siku, nikimtoa ananipa mara moja."

"Shamba," Timoth akasema.

"Siyo."

"Kibuyu."

"Siyo. Nipe mji."

"Nakupa Kirando."

"Kirando nimekwenda, nimekula dagaa, nimelala kwenye godoro la sufi, nimerudi na kapu limejaa na wewe hukuonja. Ni kuku, fundi. Ukimweka, mayai kila siku. Ukimchinja, mchuzi mara moja." Akamgeukia mwanawe. "Edwin, wageni wakija unamchinja wa mayai?"

"Mama, baba hakufuga kuku. Baba alikimbia. Gari lisilokimbia ni kabati."

"Basi kabati hilo ndilo linalonipeleka kliniki. Lakini wewe naye," akamwambia Cornelia, "wa mayai humchinji, unampeleka mzima kwa jirani. Nani alikufundisha?"

"Mama, Jumamosi ni Jumamosi. Hatuna njia ya tatu."

Mama akajipangusa unga kwenye kanga. Ilikuwa kweli, hakukuwa na cha tatu. "Haya. Twende Kaoze tukalione. Kutazama si kuposa."

"Kwa Loth siendi," Edwin akasema.

"Hutaki kwenda, au unaogopa kulipenda?" Cornelia akamchokoza.

Alikwenda, begi lake la msoma kona begani. Akakaa kushoto, kwa mazoea, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama akakaa nyuma na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na galoni ya pombe ya ulezi katikati ya magoti.

"Mama, jogoo wa nini?" Cornelia akauliza kwenye kioo.

"Unajua wa nini. Endesha."

Anajua. Na ninyi mjue.

Ukoo wa Loth na ukoo wa mzee Clemens ni watani wa kuzikana, tangu mababu. Akifa mtu huku, watu wa kule wanakuja kumchezea msiba: wanamwigiza marehemu, wanamsema, wanateka kitu chake wakisema ni chao sasa. Wafiwa wanacheka na machozi usoni, kisha wanakikomboa kwa jogoo na pombe. Ndivyo mtani anavyolia. Analia kwa mdomo wa kucheka.

Siku ya msiba wa mzee Clemens, Loth alikuja amevaa koti kinyumenyume, amebeba ungo. Akakalia kiti cha marehemu, akaushika ungo kama usukani, akaunguruma kwa mdomo. "Clemens kawaacha kwenye kona," akasema. "Gari nalichukua mimi, kuku wangu watagie ndani. Nyumba hii haina dereva tena. Imebaki na abiria."

Watu wakaangua kicheko. Mama Marsiana mwenyewe alicheka ndani ya kanga yake.

Cornelia ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye lori, safari ndefu, hajalala, baba amekufa yeye hayupo. Alisikia neno abiria. Mengine hakuyasikia. Alichukua mchi kwenye kinu, akamtoa Loth msibani mbio, mbele ya ukoo mzima, ungo ukibingirika uani.

Mtani kafukuzwa msibani. Wazee walishika vichwa.

Tangu hapo Loth hajamtania mtu wa nyumba ile. Akikutana nao sokoni anavua kofia na kuuliza habari za nyumbani. Na ninyi mnajua, adabu ya mtani ni kisu.

Walishuka Lyamba, joto likapanda miguuni, na jua halijasogea sana wakawa Kaoze. Loth alikuwa uani kwake, mtu mrefu, mkulima wa mpunga, mikono mizito. Akasimama. Akavua kofia.

"Loth, bado hujafa?" mama Marsiana akamrushia kabla hajashuka vizuri. "Kule Mazwi tulishagawana nguo zako. Suruali ilimshinda kila mtu kwa harufu."

Hapo mtani wa kweli angemjibu kwamba mama ndiye aliyeoza, kaburi lake limekwisha kuchimbwa, linasubiri tu wavivu wa Mazwi. Loth akasema, "Namshukuru Mungu, mama. Karibuni viti."

Mama akaumia kuliko kama angetukanwa.

Cornelia akamchukua jogoo. Akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu, kama tunavyofanya sisi Wafipa tunapoomba radhi.

"Mtani," akaanza.

"Mimi naitwa Loth."

"Siku ile nilikosa. Uchungu ulinishinda. Nimekuja na jogoo na pombe ya ulezi, nikomboe ulichokichukua."

"Nilichukua nini?" Loth akauliza kwa upole. "Nilifukuzwa kabla sijachukua."

Edwin akasonya. "Inuka, dada. Umeshaambiwa."

"Jogoo mfungueni miguu," Loth akasema, "joto la huku litamuua. Mkiwa tayari, gari liko nyuma ya ghala."

Lilikuwa baya. Subaru jeupe lililojaa viraka, halina kapeti, halina viti vya nyuma, ndani limejaa mabomba kama kitanda kilichopinduliwa. Vioo vya pembeni ni plastiki. Loth alilipata Mbeya kutoka kwa mtu aliyeacha mbio, na alikuwa hajapanda nalo mlima hata mara moja.

"Kwa nini unalitoa?" Cornelia akamuuliza.

"Kwa sababu ninataka lile."

"Kwa nini unataka lile?"

"Miaka yote nimeona mgongo wake. Nimechoka kuuona mgongo. Nataka nilione uso."

Jibu la mtu mzima. Cornelia akaliamini.

Wakalitoa kulijaribu, ndugu wawili, yeye usukanini na Edwin kushoto. Alipokanyaga mafuta, gari likaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji ya moto.

"Kulia, kali, inafunga," Edwin akasoma. Sauti imekauka, lakini hakosei. "Kushoto, wazi, shikilia. Shikilia. Sasa."

Liligeuka lilipoambiwa. Lilisimama lilipoambiwa. Halikuyumba, halikuomba kubembelezwa. Kabla hajajua, Cornelia alikuwa anatabasamu.

"Umeshamsahau baba," Edwin akasema.

"Sijamsahau. Sikiliza, Edi. Hili likipinduka nitatoka, nitajipangusa, nitakwenda kunywa chai. Sitalilia. Ndiyo maana nalitaka."

"Na mimi ndiyo maana silitaki. Nani alipanda Lyamba na kitu asichokililia? Baba alilisikiliza lile gari kama mtoto mchanga. Likikohoa, anajua. Hili utalisikiliza nini, viraka?"

"Ukilikata paa litakuwa lile lile?"

"Wewe ulipotobolewa masikio ulikuwa mtu mwingine?"

"Baba asingekubali."

"Baba angeshalikata. Siku ile ile sharti lilipotoka, angekuwa ameshika grenda yeye, mimi nimemshikia stuli. Wewe unamlinda baba ambaye hukumjua. Ulikuwa kwenye lori."

Neno hilo liliingia mahali pabaya. Cornelia akatafuta jiwe la kurudisha, akaliokota la karibu.

"Dereva ni mimi," akasema. "Wewe ni abiria tu. Soma kona."

Edwin akamwangalia. Alimwangalia muda mrefu kwa mtu aliye ndani ya gari linalokimbia. Kisha akafunga mdomo, na kona iliyofuata hakuisoma, wala iliyofuata hiyo. Cornelia akakanyaga breki, akageuza gari kabla ya kufika kwenye miinuko yenyewe. Wakarudi Kaoze.

Uani Edwin akashuka, akamwendea Loth moja kwa moja. Wakasogea pembeni ya ghala. Cornelia aliona mkono wa mdogo wake unakata hewa, unaonyesha juu kwenye mlima, unashuka. Loth amekunja mikono, anaitikia kwa kichwa.

"Nenda kawaamue," mama akasema.

"Waache wagombane. Wakimaliza watapoa."

"Sijaona watu wanaogombana bila kupandisha sauti," mama akasema. Lakini Cornelia alikwishageuka, anaipapasa Selika paani, pale kwenye jicho jeupe.

Sasa mwamuzi ni yeye. Akate, au abadilishe. Akikata, mama anapanda bodaboda, na lile gari alilokalishwa mapajani akaambiwa shika usukani mwanangu, linakuwa ngome ya mabomba ambayo Jumamosi moja itabingirika Lyamba na kubaki chuma chakavu. Akibadilisha, linaondoka, lakini linaondoka zima. Mahali fulani duniani litakuwepo, jekundu, na viti vyake.

"Mama, ningekuwa na njia nyingine," akasema.

"Najua. Mimi nimebebwa humo, nusura nizalie humo. Nami sitaki lichinjwe." Mama akafuta uso. "Mpe. Lakini mpe mbele yangu."

Cornelia akamwita Loth.

"Neno langu ni moja. Usilitie kuku."

"Sitalitia kuku."

"Uape."

"Mbele ya mama Marsiana, kuku hataingia humo. Mungu anasikia."

Akatoa ufunguo kwa mikono miwili. Loth akaupokea kwa mikono miwili. Kwetu kilichopokelewa hivyo mbele ya mzazi hakiombwi tena. Loth naye akatoa wa kwake, ukapokelewa. Imekwisha. Cornelia akahisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia na bado hajajua ameliacha wapi.

Hapo ndipo akakumbuka kuuliza jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeliuliza kwanza.

"Na wewe Jumamosi utapanda na nini?"

"Na hili," Loth akasema, mkono wake juu ya boneti jekundu.

"Halina keji."

"Nitalikata paa. Nitang'oa viti, nitang'oa dashibodi, nitalijaza mabomba. Nitapanda nalo nyuma yako."

Cornelia akacheka.

Alicheka kwa nguvu, kwa moyo wote, mara ya kwanza tangu msiba. Utani umerudi. Mtu yule yule wa ungo na koti la kinyumenyume, anasema maneno ya kuua kwa uso mkavu, na safari hii yeye Cornelia hachukui mchi. Safari hii anacheka kama inavyotakiwa, akapiga na paja.

"Mtani," akasema, "umerudi. Nilidhani hutarudi. Haya, likate, na mimi nikukate masikio tuyafanyie taa."

Loth hakucheka.

Mama Marsiana hakucheka.

Kicheko cha Cornelia kikaendelea kidogo peke yake, kikatazama huku na huku, kikafa.

"Msibani nilikutania ukanifukuza kwa mchi," Loth akasema. "Leo nakwambia kweli, unacheka. Binti wa Clemens, wewe na mimi hatutaelewana mpaka mmoja wetu afike juu."

"Uliapa."

"Niliapa kuhusu kuku."

Cornelia akanyoosha mkono. "Rudisha ufunguo."

"Cornelia," mama akasema taratibu. Mikono miwili, mbele yake, aliiona.

Mkono ukabaki hewani, ukarudi.

"Hutaweza," akasema. "Leo na Jumamosi hazina nafasi. Hakuna fundi huku bondeni anayelijua gari lile. Ukilikosea paa halitafunga milango. Nani atakukatia?"

"Mimi," akasema Edwin.

Alikuwa ameshafika kwenye Selika. Begi lake, alilolishusha kutoka kwenye Subaru, lilikuwa begani. Akafungua mlango wa kushoto, akalirusha ndani.

"Timoth anashuka kesho na mabomba yake," akasema. "Nimeshampigia simu. Alama ya kukatia ipo tayari, niliianza asubuhi."

"Edi, huyu ni Loth."

"Ndiyo. Na hili ni gari la baba. Jumamosi litapanda Lyamba, kama nilivyokwambia litapanda. Nilitaka lipande na wewe, ukalikataa. Limepata mtu."

"Edwin mwanangu," mama akasema, "unakaa kwa mtu aliyekula kiapo cha ujanja juu ya dada yako?"

"Mama, kwaheri. Jioni kula chakula chako, usinisubiri." Akamgeukia dada yake. "Kamati haimruhusu mtu kuanza bila msoma kona kushoto. Unalijua sharti hilo. Una gari zuri, lina keji, lina kila kitu. Nani atakaa kushoto?"

Hakuna mwingine. Kona za Lyamba hazikuandikwa popote. Zilikuwa kwenye kichwa cha mzee Clemens, na mzee alizihamishia kwenye kichwa kimoja tu.

"Rudi nyumbani, tutaongea," akasema. Lilikuwa ombi, na lilimgharimu.

"Mimi ni abiria. Abiria huchagua gari."

Loth akawasha Selika. Iliitika mara moja, kama haikujua ni mkono wa nani. Edwin akafunga mkanda, kisha akashusha kioo, akatoa kichwa, na safari hii aliongea polepole, kama anavyosoma kona ngumu.

"Kuna kona moja ya mlima ule inayokutisha, dada. Ukifika pale unafunga macho na kusubiri sauti yangu. Baba alijua, na alinikataza nisimwambie mtu maisha yangu yote."

Akapandisha kioo nusu.

"Kabla hujatoa ufunguo, pale pembeni ya ghala, nilimwambia Loth ni kona ipi."